Mshahara wa Utingo

Kila asubuhi kabla ya chai, dada yangu hukaa ukingoni mwa kitanda, akashika sinia kama usukani na kurudisha nyuma lori ambalo hana. Mama humwambia, "Dereva, ukifika salama nipe sinia langu."

Leseni ya malori makubwa anayo tangu mwaka jana. Kazi ndiyo hana, maana kila yadi ya malori wanataka uzoefu wa miaka miwili.

Jumatatu nilimsindikiza kwenye yadi ya saba. Bosi hakufungua hata bahasha ya vyeti vyake. "Uzoefu?"

"Nitaupata wapi, bosi, kama kila mtu anataka nije nao?"

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakacheka. Bosi akamtupia ufunguo. "Haya, liingize lile trela katikati ya yale mawili."

Nafasi ilizidi trela kwa viganja viwili tu kila upande. Dada alilizunguka kwanza kwa miguu, akagusa kila tairi, ndipo akapanda. Lile dude refu likarudi taratibu, likajikunja, likanyooka, likaingia mara moja. Kicheko kikakatika. Mzee mmoja akasimama na kikombe chake. "Huyu kazaliwa ndani ya lori?"

Mwili ulinisisimka. Huyu ndiye ninayelala naye kitanda kimoja!

"Sawa," bosi akasema dada aliposhuka. "Miezi sita ya kwanza nitakulipa kama utingo anayefunga maturubai."

"Na nitaendesha?"

"Utaendesha."

Dada akauweka ufunguo mezani, kando ya vikombe vya chai. "Basi mwambie utingo aendeshe."

Akatoka getini bila kugeuka, na yadi ile hajaikanyaga tena.