Konokono wa Mama Mkwe

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Bariadi, na jiwe nililolipenda kuliko yote niliyowahi kupata liliishia kusugua visigino.

Kaka yangu, mchuuzi wa dagaa pale Lamadi, ndiye aliyeniletea kutoka visiwa vya Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Lilikuwa jivu la volkano lililogandamana likawa jiwe, na upande mmoja amejitokeza konokono mzima, naye amegeuka jiwe. Nililiosha, nikalianika nyuma ya nyumba. Kidato cha kwanza nilikwisha kuwaahidi kwamba kesho watamwona konokono aliyeishi kabla ziwa halijakuwapo.

Jioni nikasikia kwaru, kwaru. Nikachungulia kwenye pembe ya ukuta. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kutoka kijijini, alikuwa huko nyuma anasugua miguu. Kwa jiwe langu!

Sasa, kwetu Wasukuma mama mkwe humsogelei wala humsemeshi hivi hivi, sembuse akiwa na miguu kwenye beseni. Mke wangu, ambaye angenifikishia ujumbe, alikuwa sokoni. Nilichemka. Kila kwaru niliona konokono wangu anakwisha. Nikasimama upande wangu wa ukuta, nikamgeukia kuku aliyekuwa akiatamia pale.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti ya darasani, "unajua visiwa vile vilikuwa mlima? Ulitapika majivu, mvua ikanyesha, konokono akafukiwa akiwa matembezini. Majivu yakawa jiwe. Mlima umeliwa na mvua, ziwa limekuja juzi tu, konokono bado yupo. Ole wake atakayemsugua!"

Kwaru zikakoma. Nikaogopa kwamba nimemvunjia mkwe heshima.

"Wewe kuku," ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ukuta, "mwambie mwalimu konokono wake nimemwona kabla sijalowesha jiwe. Nasugulia mgongo wa jiwe. Nani asugue miguu kwa kiumbe aliyefia njiani? Halafu muulize: kama ziwa halikuwapo, huyo alikuwa anakwenda kunywa wapi?"

Nilicheka mpaka kuku akakimbia mayai yake. Miaka yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali zuri namna ile. Nilimwonea fahari mama yule.

Kesho yake jiwe lilizunguka darasani mkono kwa mkono, konokono akiwa mzima, na mgongo wa jiwe ukiwa laini kama sahani. Swali nililiandika ubaoni. Wanafunzi wakataka kujua limeulizwa na nani. Jina la mama mkwe halitamkwi ovyo, kwa hiyo nikawaambia ukweli nilioweza: limetoka kwa kuku wangu.