Manyoya ya Mbwa Aliyemng'ata Mume Wangu

Jamani, leo nimetwanga mbwa kwa mchi!

Mbwa wa jirani alimng'ata mume wangu mguuni wiki iliyopita. Kidonda kikatunga usaha. Nikasema twende hospitali akachomwe sindano.

Mama mkwe akaja juu: "Dawa ni manyoya ya mbwa huyohuyo. Yachomwe, apakwe!"

Basi leo asubuhi mwanamume mzima kaenda kuyang'oa.

Mbwa kamrarua mkono! Kilio chake Maramba nzima imekisikia.

Nikamnasua kwa mchi, bodaboda, hospitali. Nesi kasema tungezidi kuchelewa, mguu ungekatwa.

Mara mama mkwe huyo mlangoni, kainua ngumi, damu inamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Manyoya nimeyapata!"

"Shikamoo mama. Panga foleni ya sindano."