Matundu ya Pazia la Sinema

Mume wangu alikuwa mwendesha mashine wa sinema ya mtaa wetu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Picha. Mimi nilishika tochi, nikiwaonyesha watu viti vyao. Darasa la saba nilimaliza, tena kwa alama nzuri, kwa hiyo namba za viti hazikunipiga chenga hata siku moja. Nilimkubali kwa sababu hakuwa msemaji. Nilidhani ni upole. Kuja kutambua kuwa ni ukaidi, mtoto wa pili yuko mgongoni.

Sinema ilipofungwa, jumba lilianza kutangatanga. Likawa ghala la saruji. Likawa ukumbi wa harusi, maharusi wakikanyaga pale pale nilipokuwa nawafukuza watoto wasikimbie. Mwisho likawa duka la magodoro, yamepangwa mpaka yanagusa dari, miaka kumi na moja. Muda wote huo mume wangu alibaki na ufunguo wa chumba cha mashine kule juu. Kila Jumatatu alipanda ngazi na kopo la mafuta na vitambaa, vitambaa vyangu vya jikoni, akaipangusa mashine isiyoonyesha kitu.

"Mwenzangu," nikamwambia siku moja, "mke mwenza mzima ningemvumilia. Huyu wako hata hapumui."

"Anapumua," akanijibu. "Ila hakupendi."

Mwaka huu binti wa mwenye jumba akamwomba baba yake amruhusu afufue sinema. Mzee akakubali kwa sharti moja: Jumamosi ya majaribio, saa tisa alasiri. Watu wakitoka kabla picha haijaisha, Jumatatu magodoro yanarudi. Binti akatuletea kadi ya mwaliko. Mume wangu aliigeuza mbele na nyuma.

"Kadi," akasema. "Ya mgeni." Akaikunja, akaichomeka chini ya mguu wa meza unaocheza. Meza ikatulia, yeye hakutulia.

Alhamisi nikaenda mwenyewe kuona. Magodoro yametoka, viti vimerudi, na pazia la picha linang'aa kama sahani mpya.

"Shikamoo, bibi. Umeliona?" binti akaniuliza, uso umemchangamka. "Lilikuwa limetobokatoboka kila mahali, utadhani limeliwa na nondo. Fundi rangi amelipaka rangi mara tatu."

"Marahaba. Hebu washa nione."

Akawasha mashine yake mpya, ndogo kama boksi la viatu. Picha ilikuwa safi. Lakini midomo ilicheza na sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea kajifunika blanketi. Fundi rangi akasema spika zimezeeka. Binti akasema nyaya ameshabadilisha mara mbili, na sasa macho yake yalikuwa mekundu.

Nikarudi nyumbani, nikamsimulia mume wangu. Aliendelea kukoroga chai.

"Wameziba matundu," akasema.

"Matundu gani?"

"Spika ziko nyuma ya pazia. Sauti itapita wapi? Pazia lile lilitobolewa kiwandani, vitundu vidogo, ukikaa kwenye kiti huvioni."

"Na wewe ulijua wanapaka rangi?"

"Nilipita Jumanne, nikaona ngazi na makopo."

"Na hukusema kitu!"

"Hawakuniuliza."

Hawakuniuliza! Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka arobaini na sita. Paa la jikoni lilipooza aliliona mwezi mzima, mpaka likaniangukia kwenye sufuria. Hakuulizwa. Kijana wetu alipochumbia, baba mtu alijua yule msichana ana mchumba mwingine mtaa wa pili. Hakuulizwa. Sasa jumba alilolipangusia mashine nusu ya umri wake linarudi kuwa la magodoro, naye anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani!

Nikafungua droo, nikatoa sindano mbili za kushonea magunia.

"Inuka. Ninayekuuliza ni mimi, tena rasmi. Spika zimekaa usawa gani?"

Akaniangalia. "Katikati. Upana wa mlango, kimo cha mtu na nusu."

"Njoo unionyeshe kwa kidole. Mimi pazia lile nalijua mshono tu."

Maana niliwahi kulishona mwenyewe, mwaka ambao mtu wa safu ya pili alimrushia kiatu jambazi wa kwenye picha. Kiatu kilipasua pazia, na jambazi hakupata hata mchubuko.

Binti alipoona sindano akashika kichwa. "Bibi, unanitobolea pazia!"

"Shika ngazi, mjukuu wangu. Babu yako atakueleza, leo ameulizwa."

Basi mtu asiyesema akafunguka. "Kushoto kidogo. Sogezasogeza. Aa, mama watoto, nimesema tundu la sindano, siyo la panya!" Tukatoboa Alhamisi ile mpaka usiku, na Ijumaa kutwa, vidole vikanivimba, fundi rangi naye akaja na sindano yake bila kuambiwa. Mwishowe mume wangu alichoka kuniamrisha, akapanda mwenyewe.

Jumamosi viti vilijaa. Nilitoka na tochi yangu ya zamani, nikawapanga watu. Neno la kwanza la picha lilipotoka, lilitoka wazi, mpaka bibi mmoja kiziwi nusu akageuka kuangalia nani kamwita. Hakuna aliyetoka. Mwenye jumba alikaa safu ya nyuma kabisa, na taa zilipowaka alikuwa anafuta macho.

"Magodoro yatafutiwe kwingine," akamwambia binti yake kwa sauti.

Binti akaja mbio mpaka kwa mume wangu, akamshika mikono yote miwili. "Babu, nisamehe, nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo. Kuna kingine ninachotakiwa kujua?"

"Kipo," akasema taratibu. "Viti vya safu ya nyuma havijafungwa bolti sakafuni."

"Umejua lini?" nikamuuliza mimi.

"Jumanne."

Nikageuka. Mwenye jumba alikuwa amenyoosha miguu, anajiegemeza nyuma kwa raha zake. Nikawasha tochi, nikakimbia.