Mwanamke wa Kitabuni Katika Maombi ya Ijumaa

Kwa miaka kadhaa kanisa letu mjini Doha liliomba kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa. Walimtaja kwa jina. Walifunga kwa ajili yake. Wapo waliomlilia. Mimi nilijua alikotoka, kwa sababu mimi ndiye niliyemleta nyumbani, ndani ya mkoba wa chuo, kati ya kikokotoo na chupa ya maji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, niliyeingia Doha nikiwa mtoto wa shule ya msingi, kumfuata mama, ambaye ni muuguzi, na tulikuwa tukiishi Al Wakrah, mji ulio jirani na Doha, katika nyumba ya vyumba viwili. Chuo kilitaka kila mmoja wetu achukue somo moja la fasihi. Lililoingia kwenye ratiba yangu lilikuwa la fasihi ya Walatino, yaani watu wa Marekani ambao wao au wazazi wao walitoka Mexico na nchi za kusini yake. Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza alitueleza kwamba alikuwa na wasiwasi: vitabu vile vilitoka mbali sana na sisi.

Riwaya ya kwanza ilimhusu mwanamke aliyemwacha binti yake kwa nyanya, akavuka jangwa kwenda kufanya kazi katika nyumba ya watu. Kila Jumapili alipiga simu kwenye duka la kijijini. Kisha Jumapili moja simu haikulia. Binti alikua, akaenda kule alikopotelea mama yake, na huko kila mtu akamwuliza anatoka wapi, hadi mwenyewe akawa hana hakika. Kuhusu yule mama, kitabu kinafungwa bila kusema.

Mwalimu alitaka tuzungumze juu ya mpaka. Sisi tuliona simu, na lile swali la unatoka wapi.

"Mimi nikienda Manila," alisema kijana Mfilipino aliyekaa mbele yangu, mzaliwa wa Doha, "binamu zangu wananiita Mwarabu. Nikirudi, dereva wa teksi ananiuliza kwetu ni wapi. Nikimwambia ni hapa, anacheka mpaka naogopa tutagonga mzunguko."

"Angalau wewe unaulizwa," alisema msichana Mkatari aliyependa kukaa karibu na dirisha. "Nimesoma kitabu chote nikijitafuta. Nimejikuta ukurasa mmoja tu. Mimi ndiye yule binti wa mwenye nyumba, anayekunywa maziwa wakati yule mama anapiga pasi."

Hakusema kwa majuto wala kwa majivuno. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Mwalimu akaacha kuandika ubaoni.

Mwisho wa wiki hiyo alitupa zoezi: kila mmoja amsomee mtu wa nyumbani kitabu hicho, kisha alete darasani atakachosema. Mtu wangu wa nyumbani alikuwa mmoja tu.

Mama alifanya zamu za usiku, kwa hiyo mchana wetu ndio uliokuwa usiku. Mapazia mazito yalifungwa, kiyoyozi kikinguruma, na mwanga uliopenya ulikuwa na rangi ya chai. Alilala chali, macho yamefumbwa, nami nikakaa sakafuni nikisoma kwa Kiingereza kimoyomoyo na kusema kwa Kiswahili. Polepole kitabu kikabadilika mdomoni mwangu. Jangwa lake likawa hili lililoanza nyuma ya majengo yetu. Mwanamke akaanza kusalimu kama watu wa kwetu, akaita "mwanangu" kwa sauti ya shangazi zangu. Nilipochungulia nje baada ya kusoma, vioo vimelowa jasho la unyevu na barabara haionekani, sikujua mara moja nilikuwa nchi gani. Mpaka leo nikikikumbuka kitabu kile, nakikumbuka kwa Kiswahili.

Nilidhani mama amelala. Hakuwa amelala.

"Aliacha kupiga baada ya mwezi wa ngapi?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Hawasemi, Mama."

"Na hao wenye nyumba, hakuna aliyewauliza?"

"Hakuna."

"Soma tena hapo pa simu."

Nikasoma tena. Siku iliyofuata akataka nirudie palepale.

Ijumaa tukaenda kanisani. Huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na Jumapili ni siku ya kazi, kwa hiyo tulimwabudu Mungu siku moja na watu wa msikiti, kila mmoja kwake. Ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, mama, ambaye hakuwa mtu wa kusimama, alisimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Kuna mwanamke mmoja anafanya kazi ya nyumba. Amenyamaza, simu yake hailii tena. Naomba tumkumbuke." Akalitaja jina la mwanamke wa kitabuni, lote, na ubini wake.

"Sista, hilo jina ni zito," alisema mpiga kinanda wetu, Mganda aliyekuwa mlinzi wa hoteli. "Huyo ni wa wapi?"

"Mbali."

"Mbali kuliko Kampala?"

Watu wakacheka. "Mungu anafika," mama mchungaji akamkata. "Wewe tupigie kinanda."

Nikainamisha kichwa nikiwaza kwamba zamu za usiku zimemchosha mama kiasi hiki, na kwamba ni mimi nitakayelazimika kumweleza.

Baada ya ibada tulinunua chai ya karak, ile nzito yenye iliki, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta tukingoja basi.

"Mama, yule ni mtu wa hadithi. Hayupo."

"Kwani unaniona nimechanganyikiwa?" Akapuliza chai yake. "Najua hayupo."

"Sasa mbona umemwombea?"

Ndipo akanieleza kuhusu mama yangu mdogo, mdogo wake wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani katika nchi nyingine ya Ghuba. Walikuwa na makubaliano: kila Ijumaa angempigia mama na kukata kabla hajapokea. Bipu moja, niko salama. Bipu mbili, nipigie. Nilikuwa nikiisikia simu ile ndogo ya zamani ikilia na kunyamaza. Nilikuwa sijagundua kwamba ilikuwa imeacha kulia. Mara ya mwisho zilikuwa mbili. Mama alipopiga, mdogo wake alinong'ona kwamba ametoka katika nyumba ile na harudi. Tangu hapo, kimya.

"Litaje jina lake, basi. Wamwombee."

"Nikilitaja, kabla ya amina mtu ameshatuma ujumbe. Jioni umefika kwa ajenti aliyempeleka, kesho kwa kafili wake, yule mwajiri anayemtafuta. Na nyanya yako ataambiwa sokoni kwamba mtoto wake amepotea. Huyu wa kitabu chako hakuna anayemfukuza."

"Na Mungu je?"

"Mungu anajua ninayemsema. Kwani yeye anakagua pasipoti?"

Darasani nilisema tu kwamba mama amemwombea mhusika kanisani. Wenzangu wakacheka, na mwalimu naye, kwa upendo. Msichana Mkatari hakucheka. Alinisubiri kwenye lifti.

"Mama yako hakumwombea mtu wa kitabuni," alisema.

Nilibonyeza kitufe cha lifti kilichokuwa tayari kinawaka. Alikuwa na macho ya kusubiri.

"Yuko hapa Doha?"

Nikamtajia ile nchi, basi.

"Mama yangu mdogo ameolewa huko. Nipe jina na mji, atauliza."

Nilimpelekea mama maneno hayo. Alikaa nayo siku kadhaa. Nilimwona akipiga pasi sare zake na kusimama katikati, pasi imeinuliwa. Mdogo wake angeweza kuwa mgonjwa. Angeweza kuwa kizuizini, au amejificha vizuri kwa watu wema, na swali moja tu likamfichua. Hatimaye akasema, "Rafiki yako ana roho nzuri. Lakini huyo mama yake mdogo akiuliza, atamwuliza nani? Atawauliza wenye nyumba. Mwambie nashukuru."

Nilipomwambia, yule msichana alitazama chini kidogo. "Yuko sahihi," alisema. "Sisi sote tunajuana."

Muhula ukaisha. Maombi hayakuisha. Wengine walihamia nchi nyingine, wapya wakaja, na waliokuja walimkuta mwanamke wa kitabuni yumo tayari kati ya wagonjwa na wanaotafuta visa. Wakampa mambo ambayo mwandishi hakumpa. Dada mmoja aliyefanya kazi ya usafi The Pearl, mtaa wa matajiri, alishuhudia kwamba alimwona ndotoni amevaa leso ya kijani. Mpiga kinanda aliapa kwamba aliwahi kufanya kazi mtaa wa Al Sadd na kaka wa mwanamke huyo. Mama alisikiliza yote hayo mikono imekunjwa kifuani, na kila aliposema amina, alisema kwa sauti.

Simu ndogo aliendelea kuichaji.

Nilikuwa nimeshaanza kazi, naishi mjini, nikija kwake Ijumaa. Ijumaa moja tulikuwa tunavaa viatu mlangoni simu ile ilipolia juu ya friji, ikakatika. Tukasimama, kila mmoja na kiatu kimoja, tukisubiri ya pili. Haikuja. Namba hatukuijua, lakini ilianza na tarakimu za nchi ile. Mama akapiga. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena, ikawa imezimwa, na ikabaki hivyo kila siku tuliyojaribu.

Kanisani mchungaji mpya, aliyekuwa na mazoea ya kufuatilia mahitaji moja baada ya jingine, alimgeukia. "Sista, na yule mwanamke wetu? Amepatikana?"

Mama alisimama. Alishika mgongo wa kiti cha mbele, mpaka watu wakaanza kugeuka.

"Muendelee tu," alisema, akaketi.

Ilikuwa bipu moja.