Miguu ya Kaka Iliyoganda Mlangoni Kwangu

Asubuhi ile nilisikia panga likinolewa, na sauti yake haikuwa ya panga la kukatia kuni.

Wajukuu, mimi Bibi Mwanne wa Itetemia, macho yangu mekundu kwa moshi wa jikoni. Huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi, naye hulala na jicho moja wazi.

Kaka yangu Shigela ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Kila asubuhi huja kunijulia hali. Njiani anaburuta miguu, lakini anafika. Akigusa mlango wangu mwembamba tu, anaganda kama kapigiliwa misumari.

Majirani wakanong'ona: kwingine anapita, kwa Mwanne ananasa.

Siku hiyo akaganda tena. Mkewe, wifi yangu Kabula, akapiga yowe. Mwanawe Masele akaja na panga.

"Shangazi, mfungue baba."

"Hata shikamoo hakuna? Au umekuja kunikata kucha?"

Hakucheka mtu. Uani pamejaa.

"Aliyefunga ndiye afungue," akasema Kabula.

Nikajua leo nimekwisha. Nikimfungua, mchawi. Nisipomfungua, panga.

"Wifi, dawa amemeza na nini?"

"Mtindi, bakuli zima. Vidonge visimchome tumbo."

Mama yangu! Daktari alituambia mimi na kaka: mlango mwembamba huigandisha miguu ya mgonjwa wa namna hii, na kidonge ni kwa maji, kabla ya kula. Maziwa na nyama vinaweza kuizuia dawa isifanye kazi. Nilimweleza Kabula, akadhani nautamani mtindi wake.

"Basi cha mchana mpe wewe, kwa maji matupu. Mimi simgusi."

Wakamketisha kaka, tukangoja. Masele kakaa kando ya kizingiti, panga mapajani.

Mchana Kabula akampa. Kivuli cha paa kikasogea, kikasogea. Mara kaka akainuka, akanyanyua mguu, akavuka kizingiti.

"Mwanne, chai iko wapi?"

Nikamgeukia Kabula.

"Enhe, wifi! Aliyefunga ndiye afungue. Kumbe ni wewe?"

Nilitania tu. Lakini macho yote yakanihama, yakatua kwa Kabula. Masele naye akamgeukia mama yake, panga mkononi.

Utani ukanikauka mdomoni.

"Ni mtindi, jamani! Mtindi!" Nikamkumbatia wifi, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka na Masele akashusha panga.

Wajukuu, dawa ulizeni inavyomezwa. Na panga msilinoe kwa ajili ya uvumi. Likishanolewa, linatafuta shingo yoyote.

Jana Kabula alikuja kunisaidia kupika. Moshi ukampata. Nikamtazama: naye macho yameanza kuwa mekundu.