Ng'ombe wa Magese

Mwaka 1995, biashara ilipoachwa huria na kila mwenye kibanda Bariadi akataka kibao, Magese aliacha kulima pamba akawa mchoraji. Aliwachorea vinyozi mikasi, mafundi baiskeli tairi. Mahona alipofungua bucha alimwagiza amchoree ng'ombe dume mnene. Magese akamletea jike, mbavu nje, pembe moja imevunjika.

"Nani atanunua nyama ya mgonjwa?" Mahona alifoka, akakirudisha kibao.

Kikakaa nyuma ya mlango hadi Bi Maximiliana, afisa utamaduni wa wilaya, aliporudi kutoka semina Dar es Salaam. Huko alikuwa amefundishwa kwamba wananchi watazame picha, watunge mashairi, wayasome mbele ya wenzao. Bariadi picha zilikuwa za Magese tu. Basi Jumamosi jioni vibao vikatundikwa ukumbini, kipaza sauti kikaazimwa kwa watu wa disko, na watu wakafurika, wengine wakidhani ni mkutano wa kampeni.

Mkasi haukupata mshairi. Wote walimwendea ng'ombe.

Mwalimu mstaafu Bundala alisoma beti nane: ng'ombe ni ushirika wa pamba, wanunuzi binafsi wamemkamua hadi damu. Makofi. Joyness, mwanafunzi wa sekondari, akasema ng'ombe ni mwanamke wa Afrika. Makofi zaidi. Mgombea udiwani, ambaye hakuwamo kwenye orodha, akapanda na kutangaza, kwa mizani aliyoijua mwenyewe, kwamba ng'ombe huyo atanenepa mara tu baada ya uchaguzi.

Magese akaitwa aeleze kazi yake. Alisimama akiikunjakunja kofia.

"Ni ng'ombe," akasema.

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. "Mnauona unyenyekevu wa msanii!" alisema Bi Maximiliana.

Hapo akainuka Felisita, mke wa Magese, akakishika kipaza sauti kama mwiko.

"Mwadila," akasalimia kwa Kisukuma. "Huyu ng'ombe mimi namjua. Alikuwa wa mama yangu, kule Mwandoya. Mama alinipa ili watoto wangu wasikose maziwa. Baba Shida, huyu mume wangu, akampeleka mnadani, ndiyo tukapata rangi hizi. Siku ile alikuwa amekonda hivi hivi." Akakigeukia kibao. "Nilidhani hakumtazama."

Hakuna aliyepiga makofi. Magese aliinamisha kichwa.

"Ahsante, mama," alisema Bi Maximiliana. "Ila siku nyingine ujitahidi, shairi liwe na vina."

Nje, Mahona alimvuta Magese kando. "Nipe kile kibao. Watu watakuja kukishangaa, watabeba na maini. Ila muongeze nyama kidogo hapa mgongoni."

"Muulize mwenyewe," Magese alijibu, akimwonyesha mkewe.

"Huyu ameshauzwa mara moja," alisema Felisita. Akajitwika kibao, akashika njia. Magese akamfuata na vibao vyake vya mikasi na tairi.

Mahona alichorewa dume lake, nene kama alivyotaka, na hakuna aliyelitungia hata mstari. Ripoti ya Bi Maximiliana ilisema mashairi matatu yalisomwa kwa mafanikio, na mshiriki mmoja alitoka nje ya mada.

Nyumbani, Felisita alikitazama kibao asubuhi nzima.

"Baba Shida, alikuwa na baka jeupe chini ya tumbo."

"Upande upi?"

"Huu."

Magese akaenda kutafuta brashi.