Siku Niliyouliza Kama Pombe ya Shangazi Ina Mnyama

Chekeni tu, nimeshazoea, maana kwetu Mgeta siku hizi naitwa Bibi Afya na aliyejitakia ni mimi mwenyewe.

Kaka yangu Gaspa alikuwa anamleta mchumba wake, Neema, kumtambulisha nyumbani, na Neema hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama, iwe nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Chakula hakikunisumbua (Mgeta kwa mboga nani atatuweza?), ila pombe anakunywa, na kwetu mchumba akikataa kikombe cha ukweni wanasema ana maringo. Nikamwambia, "Wifi, pombe ni mimea tu, wewe kunywa."

Akacheka. "Siyo zote. Nyingine wanazisafisha kwa ute wa yai, au mabondo ya samaki."

Mabondo! Yale ya tumboni mwa samaki! Udadisi ukanishika, wiki nzima nikawa nazunguka maduka ya Morogoro mjini nageuza chupa na kusoma maandishi madogo yasiyosema lolote, mpaka muuzaji mmoja akaniuliza, "Dada, unatafuta mvinyo au kitoweo?" Nikaona bora pombe ya ndizi ya shangazi Koleta, anayepika kwa kuuza. Nilitaka kumpigia simu nimuulize anavyoipika, nikajiambia aa, nitamuuliza hukohuko. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku yenyewe, mchana, ua umejaa watu wa pande zote mbili, shangazi akamimina kikombe akampa Neema, Neema akanitazama, nami nikasimama na sauti yangu ya kwaya: "Shangazi, kabla hajanywa, humu umeweka kitu chochote cha mnyama?"

Watu wakatazamana. (Kwetu, kumuuliza mpika pombe ameweka nini, tena mbele za watu, ni kumwambia ameweka dawa.) Mimi wala sikuona, nikaendelea, "Labda samaki? Au yai?"

Babu Klementi, aliyeshamaliza vikombe viwili, akakimbilia migombani kujitapisha. Vikombe vikaanza kuwekwa chini kimoja kimoja. Mjomba wake Neema akamwambia, "Inuka twende."

"Resti," shangazi akasema, "miaka yote nawapikia, leo unaniita mchawi mbele ya wakwe?"

Nikafungua mdomo, kikatoka kilio. Aliyeniokoa ni Neema. Alimsogelea shangazi akasema, "Shangazi, nisamehe, kosa ni langu," akamweleza yote asiyoyala.

"Hata maziwa?"

"Hata maziwa."

"Na asali? Si nyuki anaitoa mwenyewe?"

"Haitoi, shangazi. Tunamnyang'anya."

Shangazi akafikiri kidogo, akamshika mkono akampeleka jikoni, nusu ya ukoo nyuma yao, akamwonyesha ndizi, majani ya kukamulia, unga wa kimea, mpaka pipa. "Mnyama wa humu labda inzi," akasema, "na huyo sikumwalika." Watu wakacheka, Neema akanywa kikombe chote, na Babu Klementi akadai cha tatu kufidia alivyopoteza.

Mimi nikadhani yameisha. Kumbe maneno yalishateremka hadi sokoni, na kesho yake kilabuni kwa shangazi hakutia mguu mtu. Ikabidi nikae mlangoni siku mbili (mimi, nisiyependa hata harufu ya pombe!), kila apitaye namwita, nakunywa mbele yake, naeleza habari za mabondo, naomba radhi. Siku ya pili jioni wateja walikuwa wamerudi na mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi.

Tangu hapo, nikitaka kujua kilichomo kwenye chungu cha mtu, naingia jikoni kwake mapema, tukiwa wawili, na nauliza kwa sauti ya chini.

Jioni ile, nilipozinduka pale kwenye benchi, shangazi alikuwa amenifunika khanga yake. Alikuwa bado hajanisemesha tangu ile siku. Akaniinamia sikioni, taratibu: "Hivi Resti, hiyo bia wanayouza kule barabarani… ina samaki?"